Fundi Saa wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Nyumbani kwao Chiriku msomaji alikuwa mmoja tu, baba yake, na alichosoma ni mita za maji. Kila siku alizunguka mitaani na tochi yake na daftari la idara, akapiga magoti kwenye vishimo vya zege, akafuta utando wa buibui juu ya kioo, akaandika namba, akaondoka. Watu walimlalamikia, wengine walimbembeleza, mmoja alimfungulia mbwa. Yeye hakubishana na mtu. "Mita haina maoni," alikuwa akisema. "Unasoma kilichopo, unaandika, unafunika." Na hivyo ndivyo alivyomshauri binti yake siku alipomkuta kajikunyata kitandani, kitabu cha hadithi mapajani, analia mpaka anashikwa na kwikwi.

"Soma, funika," alimwambia. "Kwani lazima uingie ndani?"

Chiriku alikuwa na miaka kumi na sita. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa utotoni alikuwa hanyamazi hata akitafuna. Kisha alipofika kidato cha kwanza akagundua, kwenye stoo ya shule, nyuma ya madawati mabovu na mpira mmoja usio na upepo, maboksi matatu ya riwaya ambazo hakuna aliyezitaka. Tangu hapo akawa haongei na binadamu ila kwa dharura. Aliongea na watu wa vitabuni. Tena si watu wema. Mhusika akishaonekana hana doa, kitabu kilirudi stoo siku hiyo hiyo. Alitaka waongo, waoga, wenye wivu, wanaoahidi wasitimize. "Hao nikiwasoma," aliniambia miaka kadhaa baadaye, "nilikuwa najiona sijaumbwa vibaya peke yangu."

Na aliwasema kwa sauti. Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele, na alizoea kushtuliwa katikati ya mshono.

"Usimwambie! Mjinga wewe, usimwambie, atakuacha!"

"Nisimwambie nani?" mama aliuliza, mguu bado uko kwenye pedali.

"Si wewe, mama."

"Humu ndani tuko wawili."

"Naongea na huyu hapa."

Mama alikitazama kitabu, akamtazama binti yake, akarudi kwenye pindo lake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, watu husema, lakini yeye hakukumbuka kumlea mtu namna hii.

Muhula wa pili wa kidato cha tatu, mwalimu wa fasihi aliingia darasani na rundo la insha, akalitua mezani kama mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Insha zilikuwa arobaini na mbili, na zote zilimalizika kwa sentensi moja: mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kufikisha ujumbe kwa jamii husika.

"Hii jamii husika," mwalimu alisema, "naitafuta mwaka wa thelathini na tatu sasa. Anayejua inakaa wapi anipeleke." Akavuta kiti. "Safari hii nataka mwitikio wako wewe. Chagua mhusika mwenye kasoro. Niambie unafanana naye wapi, umemkasirikia wapi, umemsamehe nini. Atakayeniletea jamii husika namrudishia karatasi yake sijaisoma."

Darasa zima likaguna. Chiriku peke yake alihisi kama ameitwa kwa jina.

Alimchagua Fundi Saa. Riwaya yenyewe ilikuwa kuukuu, jalada limebanduka na kwenda na jina la mwandishi. Ilimhusu fundi wa saa mwenye miaka arobaini na tatu, mpole, mwenye mikono ya ajabu, na mwoga kupita kiasi. Wakwe wakija, alitoka kwa dirishani. Alikabidhiwa saa kubwa ya hospitali aitengeneze, akaahidi "kesho" kwa kurasa tisini. Utotoni alivunja kioo cha jirani, akaacha mdogo wake achapwe kwa kosa hilo. Hakuwa mtu mbaya. Neno "hapana" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo alimwitikia "ndiyo" kila mtu, kisha akajificha.

Chiriku alimsoma mara tatu. Badala ya insha akaanza kumwandikia barua, katika daftari la buluu.

Jumamosi moja asubuhi, Chiriku yuko kwa shangazi yake anasukwa nywele, mama alipotewa na futi kamba yake. Akafunua godoro la binti, kwa maana kila kilichopotea nyumba ile kilikutwa huko. Futi kamba ilikuwepo. Na daftari la buluu lilikuwepo.

*Kwako Fundi Saa,* alisoma. *Leo umeniudhi tena. Ulisema umebadilika na mimi nikakuamini, kumbe macho yako yako dirishani. Lakini nimekusamehe, kwa sababu siri yangu unaijua wewe tu, na hakuna mtu nyumbani anayenielewa kama wewe, ingawa una miaka arobaini na tatu. Siku nyingine nami natamani kutoka kwa dirishani, nipotee, nisionekane tena.*

Mama hakugeuza ukurasa. Alilifunga dirisha la chumba cha Chiriku kwa komeo, akalikazia na kipande cha mbao, akaburuta cherehani ya akiba akaliziba nayo kwa mbele. Ndipo akampigia simu kaka yake.

Mjomba huyo alikuwa askari jela mstaafu. Miaka thelathini ya kazi ilimwachia imani kwamba mtu mwenye hatia anajulikana kwa namna anavyoshika kikombe. Alifika viatu vinang'aa, akausoma ukurasa uleule wa daftari na miwili iliyofuata, yenye habari za wakwe, saa ya hospitali na kioo alichochapiwa mdogo mtu, akalifunga.

"Mji huu una mafundi saa wangapi?"

"Mmoja," mama alijibu. "Yule wa chini ya ngazi za posta."

"Basi kazi imekwisha."

Akamchukua baba, aliyekuwa amepitia nyumbani kunywa chai kati ya mtaa na mtaa, sare mwilini na tochi kiunoni.

"Tungemuuliza mtoto kwanza," baba alisema njiani.

"Shemeji, wewe umefanya kazi na mabomba. Mtoto ukimuuliza, habari inamfikia fundi mwenyewe kabla yako."

Fundi wa chini ya ngazi za posta watu walimwita Kesho, na sababu haikuwa siri. Kibanda chake kilikuwa kifupi mpaka mteja aliinama kuingia, na Mjomba naye aliinama, jambo lililompunguzia ukali kabla hajafungua mdomo. Ndani, saa zilitundikwa ukutani mpaka darini, kila moja na wakati wake. Kesho alikuwa kwenye kigoda, kioo cha kukuzia jichoni, kibano mkononi.

"Karibuni. Kama ni ile ya mkanda mweusi, kesho."

"Hatukufuata saa," Mjomba alisema. "Tumefuata mambo yako. Wakwe zako wakija nyumbani, unatokea wapi?"

Kesho alikitoa kioo jichoni polepole.

"Nani kawaambia?"

"Jibu swali."

"Dirishani." Akaweka kibano chini. "Lakini ni mara tatu tu. Nne. Ile ya nne nilikwama."

Mjomba alimgeukia baba na macho ya ushindi. "Na saa ya hospitali?"

"Jamani." Kesho alivuta kopo la chai kuukuu kutoka chini ya meza, akalitikisa, chuma kikagonga ndani. "Gurudumu lake hili hapa. Ndiyo maana iko nyuma dakika ishirini na tano. Nilimwahidi mganga mkuu wa kwanza. Sasa yupo wa nne. Nawakimbia wote. Nikiumwa naugulia nyumbani."

"Na mdogo wako? Kioo ulichovunja?"

"Hakikuwa kioo, ilikuwa redio." Akalikumbatia kopo. "Redio ya baba. Niliifungua nione anayeongea ndani. Aliyechapwa ni mdogo wangu. Yeye ndiye kawatuma? Amesemaje? Mzima lakini?"

Katika miaka thelathini Mjomba hakuwahi kuona mtu akikiri kwa wepesi hivi, na jambo hilo lilianza kumtia wasiwasi. Aliongeza sauti.

"Umri wako!"

"Hamsini na nane."

"Mtoto umemwambia arobaini na tatu!"

"Mtoto gani?"

Baba, muda wote huo, alikuwa amesimama mlangoni analimulika daftari la buluu kwa tochi na kulisoma mstari kwa mstari, kama anavyosoma mita. Akakohoa.

"Shemeji."

"Subiri kwanza."

"Shemeji, hapa ameandika hivi: 'Kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili ndipo uliponivunja moyo.'" Akainua kichwa. "Mtu gani huyu ana kurasa?"

Mjomba akampokonya daftari. Saa tu zilisikika, kila moja ikisema lake.

Chiriku aliporudi, kichwa kinamuuma kwa kusukwa, aliwakuta wazee watatu wamekaa mstari mmoja kwenye kochi. Alieleza. Akaleta kitabu. Mjomba alikigeuza, akakikung'uta, akakinusa.

"Nani kakiandika?"

"Haijulikani, mjomba."

"Mnaona?" Mjomba aliwaambia wenzake, kama kwamba hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu asubuhi. Radhi hakuomba. Alisema askari haombi radhi, askari anafunga jalada, na kwa kuwa kitabu chenyewe hakikuwa na jalada, aliondoka bila kufunga chochote.

Wote walidhani yameishia hapo. Lakini kesho yake, saa kumi jioni, palipigwa hodi. Alikuwa Kesho, amevaa koti, nywele kazilaza kwa maji.

"Nimeambiwa nimeandikwa," alisema.

Mama aliona haya mpaka akaangusha pini. "Hapana, kaka yangu, tusamehe. Ni makosa yetu. Huyo ni mtu wa kutungwa."

"Mtu wa kutungwa hatoki kwa dirishani, mama. Dirishani nilitoka mimi." Akakaa bila kukaribishwa, koti kalibana magotini. "Mimi macho yangu yameishia kwenye saa, maandishi siyaoni tena. Huyo binti anisomee. Nataka kujua huyu mtu anayajua mangapi."

Basi Chiriku akasoma. Jioni tano mfululizo alisoma, naye Kesho akawa anamkatiza kila aya. Dirisha lilikuwa la kushoto, si la kulia. Mke wake hakusema maneno hayo, alisema mabaya zaidi. Hapo palipoandikwa kwamba alitokwa jasho, ni kweli, lakini mbona hawakuandika kwamba alikuwa na homa? Siku ya pili mama alisimamisha cherehani. Siku ya tatu baba alikatisha mzunguko wake, mtaa mzima ukakosa kusomewa mita na haukulalamika. Mjomba alikuja siku ya nne, akasimama karibu na mlango, akidai anapita tu, akapita kwa muda wa saa mbili.

Aliyeteseka ni Chiriku. Fundi Saa wake aliyempenda alikuwa na woga mzuri, wa kuhuzunisha, woga ulionukia karatasi. Huyu wa kwenye kochi alinuka mafuta ya mashine. Alikunywa chai kwa mluzi. Alijitetea. Alipofika kwenye mstari ambao yeye Chiriku aliulilia mara tatu, pale fundi anapomtazama mdogo wake akichapwa na kujiziba masikio, Kesho alijikuna sikio akauliza kama kuna sukari zaidi. Usiku ule Chiriku aliandika kwenye daftari: *Sikujua kwamba kumsamehe mtu ni rahisi zaidi akiwa hayupo.*

Kitabu kiliisha Alhamisi. Katika ukurasa wa mwisho Fundi Saa amekaa kwenye benchi, saa ya hospitali inagonga saa isiyo yake, naye anahesabu pamoja nayo mpaka inanyamaza.

"Halafu?" Kesho aliuliza.

"Basi, mzee."

"Basi vipi? Sijabadilika?"

Chiriku alitazama ukurasa, kama huenda pameongezeka kitu. "Hujabadilika."

"Kurasa zote hizo?"

"Mia mbili na kumi."

Kesho alisimama. Alikuwa mtu mfupi, lakini siku ile alisimama kwa urefu wake wote. "Huyu mtu," alisema, "hanijui kabisa." Akaondoka kwa mlangoni, tena akaufunga kwa kishindo.

Jumatatu aliweka kibao kwenye kibanda: HAZIPOKELEWI SAA MPYA. Ndani, mtu hakupumzika. Alizishusha saa zote zilizotundikwa, mpaka ukuta ukaonekana una rangi, akazitengeneza moja moja, akaanza kuzirudisha nyumba kwa nyumba. Watu walitoka milangoni wakapokea saa walizokwisha kuzililia. Mama mmoja alipokea saa ya ukutani ya mume wake wa kwanza mbele ya mume wa pili. Mjomba aliletewa saa yake ya mkononi, ambayo alisahau kwamba aliipeleka kwa fundi, baada ya miaka tisa, na kwa kuwa miaka yote hiyo alimshuku mfungwa mmoja kuiiba, alikaa barazani siku nzima akiitazama bila kuivaa.

Kisha Kesho akampigia simu mdogo wake, aliyekuwa mji wa mbali, kuungama habari ya redio. Alikuja kumweleza Chiriku matokeo.

"Ameniuliza, redio ipi? Nikamwambia, ile uliyochapwa kwa ajili yangu. Akasema, kaka, mimi nilichapwa sana, siwezi kukumbuka fimbo moja moja. Akaniuliza hali ya hewa huku ikoje."

"Umejisikiaje?"

"Kama mtu aliyerudisha saa nyumba isiyo yake."

Hayo ndiyo yaliyomsukuma Chiriku. Kwa maana siri ile aliyomwandikia Fundi Saa ilikuwepo kweli. Miezi minane nyuma aliunguza pazia la mteja, la rangi ya samawati, pasi ikaacha alama katikati kama kisigino cha jitu. Akalikunja, akanyamaza. Mama alipoligundua, alikumbuka kwamba baba alinyoosha sare asubuhi ile ile, akamshukia. Baba, mtu wa kusahau, alifikiri kidogo akasema, "Inawezekana." Tangu siku hiyo akapigwa marufuku kushika pasi, na sare zake mama ndiye aliyezinyoosha.

Jumapili, familia iko mezani na Mjomba yupo, Chiriku aliweka kijiko chini.

"Pazia la samawati nililiunguza mimi."

Mama aligeuka. Baba aligeuka haraka zaidi.

"Hapana," baba alisema. "Niliunguza mimi."

"Baba, ni mimi. Nilikuwa nasoma huku nanyoosha."

"Mwanangu, usijitwishe yasiyo yako. Nakumbuka vizuri kabisa. Simu iliita, nikaiacha pasi, moshi ukatoka."

"Simu yako siku hiyo ilikuwa kwa fundi!"

"Basi ilikuwa hodi."

"Nani aliunguza pazia langu?" mama aliuliza, na mikono miwili ikanyooka juu ya meza.

Mjomba aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi. "Miaka thelathini gerezani," alisema, "sijawahi kuona watu wawili wanagombea kosa moja."

Baadaye, wakiosha vyombo, baba alimnong'oneza binti yake. "Chiriku, mama yako ananinyooshea sare mwezi wa nane huu. Kola inasimama kama ya mkurugenzi. Watu mitaani wananiamkia. Wewe ukweli wako unataka kuniharibia nini?"

"Lakini mimi nimeshindwa kuubeba, baba."

"Umeshautua. Sasa niachie huo mzigo, mimi unanikaa."

Mama aliyasikia yote kutoka chumba cha mbele. Uamuzi wake ulikuwa kwamba wote wawili hawana ruhusa ya kugusa pasi, na kwa hiyo akawa ananyoosha nguo za watu watatu, kwa hasira, vizuri sana.

Ilibaki saa ya hospitali. Kesho aliipandia ngazi Jumatano, mbele ya kundi la watazamaji, akarudisha gurudumu lililokaa kwenye kopo miaka ishirini na mmoja. Saa ikatetemeka, ikajikohoza, ikafuata wakati wa dunia. Watu walipiga makofi.

Alhamisi mji ukavurugika. Kumbe kila mtu aliizoea ile saa na kasoro yake. Alipoitazama, alijumlisha dakika ishirini na tano kichwani bila kujua kwamba anajumlisha, na asubuhi ile kila mtu aliendelea kujumlisha. Karani wa posta alifunga dirisha watu wako foleni. Mwoka mikate alitoa mikate ambayo ndani ilikuwa bado unga. Kengele ya shule ililia katikati ya mtihani. Bwana harusi mmoja alifika ukumbini, hakumkuta mtu, akaamini ameachwa, akarudi nyumbani akavua suti akalala, ikabidi bibi harusi aende kumwamsha.

Muuguzi mkuu aliinama akaingia kibandani mwa Kesho.

"Irudishe ilivyokuwa."

"Lakini sasa iko sahihi, mama."

"Sahihi kwako wewe. Sisi tulishajizoesha. Tafadhali."

Kesho alitazama kushoto, akatazama kulia. Kibanda cha chini ya ngazi hakina dirisha. Akasema, "Ndiyo."

Ijumaa saa ilikuwa nyuma dakika ishirini na tano, na mji ukashusha pumzi. Jioni Kesho alikuja nyumbani kwao Chiriku bila koti. Alikaa kwenye kochi lilelile.

"Niambie wewe unayesoma," alisema. "Hii ya leo ni woga, au nimewahurumia watu?"

Chiriku alifungua mdomo kumjibu kama alivyowajibu watu wa vitabuni, haraka na kwa ukali. Kisha akamtazama yule mzee na shati lake lililofungwa vifungo upande, akagundua kwamba hamkasirikii tena, na hakujua hilo lilitokea lini.

"Sijui, mzee," alisema. "Labda ni vyote."

"Vyote ni vigumu."

"Ndiyo. Chai?"

Usiku huo aliandika insha yake, kurasa sita. Ndani yake mlikuwa na dirisha la kushoto, redio, pazia, bwana harusi aliyelala, na swali la Kesho. Jamii husika haikuwemo. Mwalimu aliirudisha na alama tisa kati ya ishirini, na wino mwekundu chini: *Kuanzia ukurasa wa pili unamwandika mtu ambaye hayumo kitabuni.*

Chiriku, ambaye hakuwahi kubishana na mwalimu, alikwenda ofisini na karatasi mkononi.

"Yumo, mwalimu. Ila kitabu kiliisha, yeye akaendelea."

Mwalimu alivua miwani. "Akaendelea wapi?"

"Chini ya ngazi za posta."

Mwalimu alimtazama, akaitazama tena ile karatasi, akatazama mkononi mwake ambako saa ilisimama tangu likizo. Saa nane mchana alifunga ofisi akaenda posta. Sijui walizungumza nini huko. Najua tu kwamba tisa ilikatwa ikawa kumi na moja, na kwamba saa ya mwalimu iliahidiwa kesho na ikatengenezwa baada ya wiki tatu, jambo ambalo wazoefu waliliona ni maendeleo makubwa.

Chiriku hakuwa mwandishi, kama mlikuwa mnasubiri hilo. Ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi masijala ya hospitali, anapanga majalada ya wagonjwa kwa namba, na wenzake wanalalamika kwamba anayasoma kabla ya kuyapanga. Ameanza tena kuongea, wakati mwingine kupita kiasi. Jumamosi mchana anakwenda kibandani na riwaya, anakaa kwenye kigoda cha wateja, anasoma kwa sauti huku Kesho akifanya kazi. Yule mzee ana ombi moja, la siku zote: mtu kama yeye, lakini aliyebadilika.

Mwezi uliopita Chiriku alimpata. Riwaya nene, ya mtu mwongo kupindukia, anayewadanganya mke na majirani kurasa mia tatu, kisha anaamka asubuhi moja mtu mwingine kabisa, anaomba radhi mji mzima, anapanda miti. Chiriku aliisoma mpaka mwisho, akasubiri sifa.

Kesho alipuliza vumbi kwenye saa aliyoishika.

"Huyu kafa," alisema. "Huyu wa mwishoni wamemweka mwingine."

"Hajafa, mzee. Amebadilika. Si ndicho ulichotaka?"

"Nilikitaka. Sasa nimekisikia." Akarudisha kioo jichoni. "Hebu rudi nyuma, pale anapomdanganya yule mpangaji habari ya ufunguo. Pale nilikuwa namsikia anavyopumua."

Mteja aliinama mlangoni kuulizia saa yake. Kesho alimwonyesha kidole asubiri, na Chiriku akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma, akiutafuta ule ufunguo.